Mgonjwa Haulizwi Uji? Mjadala juu ya Mzee Anayesahau na Haki Yake ya Kuamua

Mgonjwa haulizwi uji. Ndivyo tulivyolelewa: ukimkuta mtu hoi kitandani humsumbui kwa maswali, unapika uji, unaupoza, unamnywesha. Ni methali ya huruma, na simo katika kuibeza. Lakini siku hizi kinachopelekwa kitandani si bakuli peke yake. Hupelekwa fomu ya kuhamisha shamba, karatasi ya ridhaa ya upasuaji, simu inayosubiri namba ya siri, na pedi ya wino wa kuchovya kidole gumba. Na anayevipeleka mara nyingi ni mtu wa nyumbani, mwenye haraka. Je, haya nayo mgonjwa asiulizwe? Na akiulizwa, nani atajua kwamba anayejibu ni yeye, si maradhi?

Tuseme yuko bibi wa miaka 78, Mwislamu, mjane, hakupata kukaa darasani, mwenye ekari tatu za minazi na mikorosho nje kidogo ya mji wa Kilifi. Kwa miaka miwili amekuwa akisahau. Hurudia habari ile ile asubuhi nzima, huacha chungu jikoni mpaka kikaungua, na baadhi ya usiku hutoka nje akisema anarudi kwao. Bibi huyu anataka kumpa nusu ekari mjukuu wa kike anayemwogesha na kumpikia. Wanawe wa kiume wanapinga. Wanataka daktari aandike kwamba mama yao hana akili timamu. Kisa hiki nimekibuni, na sauti nilizoziita kukijadili ni za kubuni pia. Sheria, kesi na vipimo vinavyotajwa ni vya kweli. Wako Binti wa bibi huyo, Daktari wa wazee, Wakili, Shehe mwenye elimu ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na Bibi mwenyewe, ambaye katika mijadala ya aina hii huwa hapewi kiti.

Binti: Hiyo methali ni yangu, na narudia kuisema. Watu wa mbali humwona bibi mpole anayecheka. Mimi humwona saa nane za usiku, mlango uko wazi na mama hayumo. Nimemkuta barabarani, malori yanapita, hana viatu, anakwenda kwa mama yake aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Mtu wa hali hiyo nimwulize habari za hatimiliki? Leo atampa mjukuu nusu ekari. Kesho atapita kijana na mkate na soda, na kidole kitaingia kwenye karatasi ya ekari zote tatu. Siitaki barua ya daktari ili kaka zangu wapate shamba. Naitaka ili pasiwe na mtu yeyote wa kumshika mama mkono na kumtia wino.

Daktari: Naielewa hofu yako, dada, na usiku huo unaousema ni wa kweli. Lakini barua unayoitaka siwezi kuiandika, kwa sababu hakuna kipimo kinachoweza kuitolea ushahidi. Napima mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni hali ya ubongo: kumbukumbu, umakini, lugha, kujua mahali na wakati. La pili ni kama mtu huyu, leo, anaweza kuliamua jambo hili moja lililo mbele yake. La kwanza lina alama. La pili halina.

Wakili: Sisi mahakamani tunaletewa hilo la kwanza tu. Karatasi yenye mstari mmoja: amepata 14 kwa 30, hafai kusaini.

Daktari: Tuitazame hiyo 30 inakotoka. Kipimo kinachotumika sana kilichapishwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein, mkewe Susan, na Paul McHugh. Ukipata chini ya 24 unahesabiwa una dalili za shida ya akili. Sasa angalia anachoulizwa. Kusoma sentensi na kuitii, alama 1. Kuandika sentensi, alama 1. Kunakili mchoro wa pembetano mbili zilizopishana, alama 1. Kutoa saba katika mia, kisha saba tena, mara tano, alama 5. Jumla ni alama 8 zinazotegemea kalamu na darasa. Bibi ambaye hakusoma, hata akijibu mengine yote bila kosa, ataishia 22. Amekwisha kuwa mgonjwa kabla ya kuugua.

Hesabu hiyo inastahili kusomwa mara mbili. Maelfu ya wanawake wa umri wake katika Afrika Mashariki hawakupelekwa shule kwa sababu kaka zao ndio waliopelekwa. Leo kaka au mwana aliyesoma anaweza kushika karatasi yenye alama 22 na kusema mama hawezi kuamua juu ya ardhi aliyoilima yeye. Kunyimwa kulikofanywa akiwa mtoto kunarudi kumnyima tena akiwa kikongwe, safari hii kwa muhuri wa hospitali.

Wakili: Si kuna kipimo kingine kipya zaidi?

Daktari: Kipo cha Montreal, kilichochapishwa na Ziad Nasreddine na wenzake mwaka 2005, nacho ni cha alama 30. Ni kikali zaidi, mpaka wake ni 26. Wanaongeza alama moja kwa mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Alama moja, iwe uliishia kidato cha nne au hukuingia shule kabisa. Humo mtu huambiwa achore uso wa saa na aweke mishale kwenye kumi na moja na dakika kumi. Bibi zetu huhesabu saa tangu jua kuchomoza, na mshale mfupi ukiwa kwenye 11, kwao ni saa tano. Msaidizi asiye makini akimtamkia kama ilivyoandikwa, bibi ataweka mshale kwenye 5, atakosa alama ya mishale, na mwenye kosa ni aliyeuliza.

Binti: Kwa hiyo hamna kitu. Kila kipimo kibaya, na mimi nirudi nyumbani nikalinde mlango.

Daktari: Hapana. Kuna kazi nzuri iliyofanywa jirani hapa, wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee karibu 1,200 wa miaka 70 na zaidi, na baada ya kusawazisha umri wakakuta wenye shida hii ya akili ni kama asilimia 6.4. Kutokana na kazi ya Hai na wenzao wa Nigeria kikazaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kwa wazee wasiojua kusoma. Mzee haguswi na kalamu. Anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Anasomewa orodha ya maneno na baadaye anaombwa ayakumbuke. Badala ya kuchora anapewa njiti za kiberiti, anaonyeshwa umbo, naye alipange. Alama zote ni 15. Bibi anayeshindwa hapo, nitasema kwa uhakika mkubwa zaidi kwamba ana jambo ndani ya ubongo.

Binti: Mama akishindwa hapo, utaniandikia?

Daktari: Nitakuandikia kwamba yaelekea ana ugonjwa, na kwamba apimwe zaidi. Sitaandika kwamba hawezi kumpa mjukuu nusu ekari.

Wakili: Hapo nasimama na Daktari, na hata hukumu ziko upande wake. Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mgonjwa wa miaka 68 aliyekuwa hospitali ya Broadmoor. Alikuwa na skizofrenia, na aliamini yeye mwenyewe ni daktari bingwa. Mguu wake ukaoza, madaktari wakataka kuukata chini ya goti, akakataa. Mahakama ilisema: pamoja na ugonjwa wake, ameelewa anachoambiwa kuhusu mguu, ameamini, amepima, ameamua. Usikatwe bila ridhaa yake. Mwaka 2005 Uingereza ikatunga sheria nzima juu ya uwezo wa kuamua. Mtu huhesabiwa kuwa anaweza mpaka ithibitishwe hawezi. Asaidiwe kwanza kwa kila njia. Na uamuzi usio wa busara peke yake si ushahidi wa kukosa uwezo.

Binti: Uingereza wana nesi anayekuja nyumbani.

Wakili: Ni kweli. Lakini kanuni hiyo tunayo hata hapa. Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 5, inamhesabu mwenye kuandika wasia kuwa na akili timamu, na anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Bibi huyu ni Mwislamu, mirathi yake iko chini ya fiqhi, hilo namwachia Shehe. Ila anachotaka yeye si wasia, ni zawadi akiwa hai. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1978, ya mama mgonjwa wa akili za uzee aliyemsainia binti yake nyumba. Zawadi ile ilibatilishwa, na jaji akaweka kipimo ninachokipenda: ufahamu unaotakiwa huenda na ukubwa wa kinachotolewa. Zawadi ndogo, ufahamu mdogo watosha. Ukitoa mali yako yote ya maana, lazima uelewe kama anayeandika wasia: unatoa nini, nani wana haki juu yake, nini kitabaki. Nusu ekari katika tatu iko katikati.

Shehe: Fiqhi imelijadili hili kabla hamjawa na hospitali, na wanazuoni hawakukubaliana. Mtu mzima mwenye akili, lakini anayeitapanya mali, je, azuiliwe? Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alisema asizuiliwe. Kumzuia mtu huru na mali yake ni kumvua utu, na dhara hilo ni kubwa kuliko la mali kupotea. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, wakampinga mwalimu wao. Sisi watu wa Pwani ni Mashafii, na kwetu kuzuiliwa kupo, kwa amri ya kadhi na si ya wana. Ama aliyeondokewa na akili, hapo hakuna khitilafu, hiba yake, yaani zawadi, haisihi.

Binti: Basi Shehe uko nami.

Shehe: Subiri, mwanangu. Mjukuu huyu harithi, kwa sababu wana wa kiume wa bibi wapo hai. Ndiyo maana bibi anayo nafasi ya kumpa. Hata kama mngesema bibi yuko katika maradhi ya mauti, zawadi yake ingehesabiwa kama wasia na kuishia kwenye thuluthi. Nusu ekari ni sudusi, moja ya sita. Kaka zako hawajadhulumiwa kitu. Kilichobaki ni kujua kama anajua anachofanya, na mpaka sasa sijasikia mtu amemwuliza.

Bibi: Nami nimekaa hapa nasikiliza. Kila anayekuja ananiuliza tarehe. Tarehe siijui, sijapata kuijua, nilikuwa nahesabu kwa mwezi na kwa msimu wa kusi na kaskazi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nataka kumpa.

Daktari: Nakuuliza mimi, Bibi. Shikamoo. Nieleze unachotaka kufanya.

Bibi: Marahaba, mwanangu. Nataka kumkatia yule mtoto pale chini, kutoka mwembe dodo mpaka kisimani.

Daktari: Ni kiasi gani?

Bibi: Kipimo chenu sikijui. Ni minazi kumi na sita, na miwili haizai.

Daktari: Ukishampa, ukitaka nazi zake utafanyaje?

Bibi: Nitamwomba. Si zake?

Daktari: Na wanao wa kiume je?

Bibi: Wao wana kule juu kwenye mikorosho, na penye barabara. Huko ndiko kwenye pesa, tangu lami ipite hawakauki. Huyu mtoto akiolewa leo ataondoka na nguo alizovaa. Nani alimtoa shule aje aniogeshe? Ni mimi. Deni langu nalijua.

Wakili: Samahani, Bibi. Mwaka jana hukumwahidi mahali hapo hapo mjukuu wako wa kiume?

Bibi: Mimi? Nilisema wapi?

Binti: Alisema, mbele yangu. Mnaona sasa! Ahadi ya mwaka mmoja imefutika. Na baada ya wiki atakuwa ameisahau hii pia.

Daktari: Bibi, ikiwa uliahidi kweli, leo wasemaje?

Bibi: Ikiwa nilisema, nilikosea. Yule ana baba yake na ana pikipiki. Huyu hana baba wala mama.

Hapa ndipo penye moyo wa jambo zima, na ningetamani kila chifu, kila afisa wa ardhi na kila mwana mwenye haraka angekaa akasikiliza mazungumzo kama haya mpaka mwisho. Bibi hakujua ekari, akajua mipaka. Hakukumbuka ahadi, lakini alipoelezwa aliibeba, akaipima, akaikataa kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 1988 Wamarekani wawili, Paul Appelbaum na Thomas Grisso, waliandika mambo manne ya kutazama: kuelewa maelezo, kutambua kwamba yanakuhusu wewe na maisha yako, kupima faida na hasara, na kutamka chaguo. Katika manne hayo, kumbukumbu ya mwaka jana haimo. Sheria ya Uingereza inataka mtu aweze kushika maelezo, lakini kwa muda wa kufikia uamuzi tu.

Wakili: Kwa heshima, mwandishi anakwenda mbio. Mimi ndiye nitakayesimama mahakamani miaka kumi baadaye, Bibi ameshazikwa, na wakili wa upande wa pili ananiuliza: utajuaje kwamba yale maneno ya deni hakufundishwa na mjukuu? Anamwogesha, anamlisha, wanalala chumba kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Uwezo wa akili ni kitu kimoja, uhuru wa moyo ni kingine. Mtu anaweza kuwa na akili zake na bado akasaini kwa kumwogopa anayemshikia kijiko.

Daktari: Nakubali kabisa, na ndiyo maana sipimi mara moja wala mbele ya jamaa. Namwona peke yake. Namwona asubuhi, kwa sababu wengi wao jioni huvurugika. Namrudia siku nyingine mbili, namwuliza jambo lile lile kwa njia nyingine. Mtu aliyefundishwa hurudia maneno. Mwenye sababu yake hurudia sababu, hata maneno yakibadilika. Na kabla ya yote natazama masikio kama yameziba, macho kama yana mtoto wa jicho, na dawa anazokunywa, hasa za usingizi. Naulizia mkojo, homa, sukari, maji anayokunywa. Naulizia huzuni pia, kwa sababu mjane aliyezama katika sonona husahau kama mwenye ugonjwa wa kusahau, na sonona hutibika.

Binti: Laiti baba angepata daktari wa namna hiyo. Alivunjika nyonga, akalazwa, siku ya tatu akaanza kuweweseka. Akamwita nesi kwa jina la dada yake, akasema samaki wamejaa ukutani. Sisi tukadhani ndio uzee umemfika. Ndugu yake akaleta karatasi ya kiwanja pale pale kitandani, baba akatia kidole. Baada ya wiki mbili homa ilipotibiwa alirudi sawasawa, akauliza kiwanja changu kiko wapi. Alikufa akiuliza hivyo hivyo.

Daktari: Ule ni mvurugiko wa ghafla, si ugonjwa wa kusahau. Huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka, na mara nyingi huletwa na maambukizi, maumivu, dawa au kukosa maji. Mzee aliye katika hali hiyo asisainishwe chochote kinachoweza kungoja. Upasuaji wa kuokoa maisha haungoji, nao una taratibu zake. Kiwanja hungoja.

Binti: Basi mwelewe kwa nini naitaka ile barua. Nimeona kidole cha baba.

Nami namwelewa. Wanaotetea uhuru wa wazee mara nyingi humsahau mtu aliye mlangoni usiku. Tena kuna jambo jingine linalompa Binti nguvu kuliko anavyojua mwenyewe. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna mgogoro wa ardhi. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishwa na damu yao wenyewe. Usukumani, Tanzania, vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyoivishwa na moshi wa jikoni. Bibi anayetoka usiku wa manane, akisema na watu waliokufa, hajui alikopita: majirani wana jina lao la kumwita, na jina hilo linaua. Hapo jina la ugonjwa, likitamkwa na daktari kwa sauti mbele ya kijiji, ni ngao. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wanaoishi na magonjwa haya ya kusahau duniani, wengi wao katika nchi zisizo tajiri. Kukataa kuupima ugonjwa kwa kuogopa kumdhalilisha mzee ni kumwacha peke yake na uvumi. Apimwe, aambiwe, na majirani waambiwe kwa ruhusa yake.

Wakili: Lakini kupima ugonjwa si kumvua haki. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Ibara ya 12 inampa kila mtu mwenye ulemavu uwezo wa kisheria sawa na wengine. Mwaka 2014 kamati ya mkataba ikafafanua kwamba upungufu wa akili usiwe sababu ya kumnyang'anya mtu uwezo huo. Badala ya kumwamulia, asaidiwe kuamua. Na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu, kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na kutunzwa na jamaa na Serikali.

Binti: Hiyo kamati imewahi kumsaidia kuamua mtu anayesema yeye ana miaka kumi na miwili na mama yake anamngoja?

Wakili: Kamati yenyewe inasema, ikishindikana kabisa kujua matakwa yake baada ya juhudi kubwa, ifuatwe tafsiri bora ya yale ambayo angeyataka.

Shehe: Ambayo ndiyo kazi ya walii mwadilifu. Mmeizunguka mkaifikia.

Upande wangu ni huu. Kwa Bibi wa asubuhi, anayejua mwembe dodo na kisima, mkataba uko sawa na methali imekosea: aulizwe, asaidiwe, asikilizwe. Lakini iko hatua ya ugonjwa ambapo hakuna tena wa kusaidiwa kuamua juu ya shamba, na kujifanya kwamba yupo ni kuwaachia mlango wajanja. Hapo lazima mtu aamue kwa niaba yake, kwa amri ya mahakama, na aandikwe jina, ahesabiwe kila shilingi. Ninachokikataa ni jamaa kuwahi kuitangaza hatua hiyo kabla haijafika. Na nimeona kitu kimoja kisichobadilika: suala la akili za mama huzuka siku mali inapotajwa. Miaka yote alipokuwa akiunguza chungu hakuna mwana aliyemtafutia daktari. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayeleta mzee apimwe liwe: kuna uamuzi gani unaosubiriwa, na wewe utapata nini ndani yake?

Daktari: Ndilo swali ninaloanza nalo. Asiye na jibu namwambia arudi akiwa nalo.

Wakili: Na wazee wawahi. Bibi angekuja kwangu miaka mitano iliyopita, tungeandika yote haya akiwa hana shaka. Hata uwakili wa kawaida haumfai baadaye, maana kwa sheria tuliyorithi kwa Waingereza hukoma mwenye kuutoa anapopoteza akili, yaani siku ile ile anapouhitaji. Wao walikwisha kurekebisha, wakaruhusu kwa sheria ya 1985 uwakili unaoendelea baada ya akili kupungua.

Bibi: Nyinyi mnasema ya miaka mitano iliyopita. Mimi niko hapa leo. Nataka tuwaite wanangu wote, tukae pale pale mwembeni, asubuhi, nayo karatasi isomwe kwa lugha yangu, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili cha mjini. Atakayekataa aniambie mimi usoni. Na yule mtoto asiwepo nikiulizwa, ili msiseme amenifundisha.

Wakili: Na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, ugawaji utapita kwenye bodi ya kudhibiti ardhi. Huko nako aende mwenyewe, wamwone.

Binti: Mama, na usiku? Ukitoka tena?

Bibi: Mimi sitoki usiku.

Binti: Unatoka, mama.

Daktari: Hapo, Bibi, nakwambia kwa heshima: hilo hulikumbuki, kwa hiyo huwezi kulipima. Tumekueleza mara tatu leo habari za malori, na kila mara unasema hujapata kutoka. Juu ya jambo hilo nitaandika kwamba uamuzi wako hauwezi kutegemewa. Mlango wa nje utiwe komeo la juu, kengele ndogo, na taa ya kuonyesha choo kilipo. Usifungiwe chumbani, usifungwe kamba.

Bibi: Komeo nitaliona.

Daktari: Utaliona, na utaruhusiwa kuuliza linafanya nini kila usiku, na binti yako atakujibu kila usiku.

Binti: Kwa hiyo huyu huyu mama yangu, barua moja inasema anaweza na nyingine inasema hawezi?

Daktari: Ndiyo. Ya kwanza itasema: tarehe kadhaa, asubuhi, nyumbani kwake, kwa lugha yake, jamaa wakiwa nje, nilimwuliza juu ya kumpa mjukuu sehemu kati ya mwembe na kisima. Nitaandika maswali yangu na majibu yake kwa maneno yake, pamoja na ile minazi kumi na sita, miwili isiyozaa, na habari ya deni. Nitaandika kwamba ahadi ya mwaka jana hakuikumbuka, na alichosema alipoelezwa. Nitaandika kwamba nilirudi siku nyingine mbili na sababu yake ilikuwa ile ile, kama itakuwa ile ile. Isipokuwa ile ile, nitaandika hivyo, na shamba litabaki kama lilivyo. Ya pili itakuwa ya usiku na mlango.

Wakili: Na akija mtu kutaka kununua ekari zote tatu, akaonyesha hiyo barua ya kwanza?

Daktari: Mwambie barua ile ni ya minazi kumi na sita. Kwa ekari tatu anilete tena kwa Bibi, nimwulize upya.